Neno la Mwenye Mbwa na Hatima ya Mbwa Wake

Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika, mbwa ambaye mwenyewe hawezi tena kumfuga, au hataki tena, hupelekwa katika kituo cha hifadhi. Vituo hivyo si jambo jipya. Mwaka 1860 mama mmoja Mwingereza, Mary Tealby, alifungua katika mtaa wa Holloway, London, makao ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Mwaka 1871 makao hayo yalihamia Battersea, nayo yapo hadi leo. Nchini Marekani vituo vya namna hiyo vimeenea katika majimbo yote. Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama cha nchi hiyo, ASPCA, kilichoundwa mwaka 1866, kilikadiria mwaka 2019 kwamba mbwa wapatao milioni 3.1 huingia vituoni kila mwaka, na kwamba wapatao 390,000 kati yao huuawa kwa sindano. Jirani zetu wa Nairobi nao wana kituo kama hicho, kinachoendeshwa na chama cha KSPCA.

Mbwa anapokabidhiwa kituoni, mwenyewe huulizwa maswali mawili makubwa: kwa nini unamwacha, na mbwa huyu ana tabia gani? Majibu huandikwa katika fomu. Kutokana na fomu hiyo, pamoja na mambo mengine machache, wahudumu huamua kama mbwa atawekwa mbele ya watu wanaotafuta mbwa wa kufuga, kama atafunzwa kwanza, au kama atauawa. Kwa hiyo sentensi moja ya mtu aliyesimama mezani kwa dakika chache yaweza kuwa na uzito kuliko miaka yote ambayo mnyama yule ameishi.

Je, sentensi hiyo ni ya kuaminika kiasi gani? Swali hili limewashughulisha wataalamu wa tabia za wanyama kwa zaidi ya miaka ishirini. Majibu yao yana manufaa hata kwa mtu asiyefuga mbwa, maana kiini chake ni tatizo la sayansi yote: namna ya kupata ushahidi ulio sawa kutoka kwa shahidi mwenye upande.

Shahidi ajuaye mengi

Hakuna anayemjua mbwa kuliko yule aliyekaa naye. Mwenye mbwa amemwona akila, akilala, akipokea wageni, akicheza na watoto na akikutana na mbwa wa jirani. Amemwona wakati wa radi na wakati wa ugonjwa. Mhudumu wa kituo hawezi kuyaona hayo yote hata akipewa mwezi mzima.

Lakini shahidi huyu ana udhaifu wa aina tatu. Wa kwanza ni wa nia. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mtu anayempenda mbwa wake na kuogopa asije akauawa ana sababu ya kuficha kwamba aliwahi kumng'ata mtoto. Mtu mwingine, anayeona haya kuonekana ametupa mnyama asiye na hatia, ana sababu ya kuzidisha makosa ya mnyama huyo ili uamuzi wake uonekane wa lazima. Kosa la kwanza humponza mtu atakayemchukua mbwa. Kosa la pili humponza mbwa mwenyewe.

Udhaifu wa pili ni wa ufahamu. Watu wengi hawajui kuzisoma ishara za mbwa. Mbwa anayejilamba midomo, anayegeuza uso pembeni na kukunja mkia kati ya miguu yake anaonyesha hofu. Mwenyewe aweza kusema kwamba mbwa huyo ni mkaidi au mjanja. Mbwa anayeng'ata kwa sababu ameogopa na mbwa anayeng'ata kwa sababu analinda mali huitwa wote wawili kwa neno moja, "mkali", ingawa matunzo wanayoyahitaji ni tofauti kabisa.

Udhaifu wa tatu ni wa mazingira. Tabia ya mnyama si kitu kilichofungwa ndani ya ngozi yake tu. Hutokea pale mnyama anapokutana na mahali, watu na desturi fulani. Mbwa afungwaye mnyororo mchana kutwa katika ua mdogo, asiyepata mazoezi wala kuzoea wageni, aweza kubweka bila kikomo. Akihamishiwa mahali pengine pengine atatulia. Maelezo ya mwenyewe yaweza kuwa ya kweli tupu kuhusu nyumba ya zamani, na bado yasitabiri lolote kuhusu nyumba mpya.

Sababu zinazotajwa mezani

Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika vituo 12 vya Marekani. Watu walioleta mbwa na paka waliulizwa sababu zao, na kila mmoja aliruhusiwa kutaja zaidi ya moja. Kwa upande wa mbwa, sababu iliyotajwa mara nyingi zaidi ilikuwa kuhama. Zilifuata sababu kama vile masharti ya mwenye nyumba, gharama za matunzo na kukosa nafasi ya kumshughulikia mnyama. Kung'ata watu kulikuwamo katika sababu kumi za mwanzo, lakini si katika zile za juu kabisa.

Orodha hiyo inatufunza kwamba mbwa wengi hufikishwa vituoni kwa shida za binadamu. Hata hivyo inatupa pia tahadhari. "Tunahama" ni neno la heshima, lisilomlaumu mtu wala mnyama. Mtu aweza kulitumia ilhali amevumilia kwa mwaka mzima mbwa anayetafuna viatu na kuchafua sakafu, na sasa safari imempa njia ya kumaliza jambo. Orodha ya sababu, basi, ni orodha ya yale watu waliyoyasema. Mtafiti mwangalifu hasahau tofauti iliyopo kati ya hayo na yale yaliyowasukuma.

Kuupima ukweli wa shahidi

Utajuaje kwamba mtu anaficha jambo, kama huna njia ya kuliona jambo lenyewe? Watafiti watatu, Sheila Segurson, James Serpell na Benjamin Hart, walitumia njia rahisi iliyo nzuri, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2005. Watu waliokuja kukabidhi mbwa katika kituo kimoja waliombwa kujibu maswali kuhusu tabia za mbwa wao. Kundi moja liliambiwa kwamba majibu yao yatakuwa siri. Kundi la pili liliambiwa kwamba majibu yao yatapewa kituo. Maswali yalikuwa yale yale.

Hebu mwanafunzi atafakari mpango huo. Ikiwa watu husema kweli daima, makundi hayo mawili yatatoa majibu yanayofanana, kwani hakuna sababu ya mbwa wa kundi moja kuwa wabaya kuliko wa kundi la pili. Tofauti yoyote kubwa itakuwa imetokana na ahadi ya siri. Na tofauti ilionekana: walioahidiwa siri walitaja zaidi ukali wa mbwa kwa mwenyewe na hofu ya mbwa kwa wageni. Yaani palipokuwa na hatari kwamba neno lao lingemdhuru mnyama, baadhi ya watu walinyamaza.

Jambo hili lisitufanye tuwaite wenye mbwa waongo. Walifanya kile ambacho binadamu yeyote hufanya anapotakiwa kutoa ushahidi dhidi ya ampendaye. Kosa lipo zaidi katika namna ya kuuliza.

Swali zuri na swali baya

Miaka miwili kabla ya uchunguzi huo, mwaka 2003, Serpell na mwenzake Yuying Hsu walikuwa wamechapisha hojaji, yaani orodha ya maswali iliyopangwa kitaalamu, ijulikanayo kwa kifupi C-BARQ. Hojaji hiyo haimwulizi mtu kama mbwa wake ni mwema au mbaya. Humweleza tukio mahsusi: mgeni anapofika mlangoni, mtu wa nyumbani anapomwondolea mfupa, mbwa anapobaki peke yake, radi inapopiga. Kisha humwomba aonyeshe, kwa kipimo cha kuanzia 0 hadi 4, mbwa hufanya nini wakati huo, au hufanya hivyo mara ngapi. Kwa kuwa hojaji nzima ni ndefu mno kwa mtu aliyesimama mezani, baadaye ilifupishwa hadi maswali 42 ili itumike katika vituo vya hifadhi.

Tofauti kati ya njia hizi mbili ni kubwa. Neno "mkali" ni hukumu. Ndani yake hamna mahali, wala wakati, wala kiasi. Lakini maelezo kama "hunguruma mtu akikaribia bakuli lake, hajawahi kung'ata" ni habari. Habari yaweza kulinganishwa na habari nyingine, yaweza kuhakikiwa, na yaweza kumwongoza mtu katika kutenda: mbwa huyu alishwe peke yake, na watoto wasimsumbue anapokula.

Je, majibu ya wenye mbwa wa zamani hutabiri mambo yatakayotokea katika nyumba mpya? Mwaka 2007 watafiti wawili wa Uingereza, Stephen na Ledger, walilinganisha maelezo ya watu waliokabidhi mbwa na maelezo ya watu waliowachukua mbwa hao hao baadaye. Kwa baadhi ya tabia, maelezo ya mwanzo yalilingana na yaliyoonekana baadaye. Kwa tabia nyingine hayakulingana. Jibu hilo la nusu kwa nusu ni la kawaida katika sayansi ya tabia, nalo halipaswi kudharauliwa. Linatuambia kwamba neno la mwenyewe ni ushahidi wa kuwekwa mezani pamoja na ushahidi mwingine, wala si wa kutupwa wala si wa kuaminiwa peke yake.

Mtihani wa kituoni nao una kasoro

Msomaji aweza kusema: kama mwenye mbwa ana upande, basi mbwa mwenyewe na apimwe kituoni. Vituo vingi hufanya hivyo. Mbwa huguswa, huonyeshwa mbwa mwingine, hupewa chakula kisha bakuli likasukumwa kwa mkono wa bandia uliofungwa kwenye fimbo, na mhudumu huandika anachokiona.

Kasoro ya kwanza ni hali ya mnyama mwenyewe. Mwaka 1997 Michael Hennessy na wenzake waliripoti vipimo vya damu vya mbwa katika kituo kimoja cha Marekani. Walipima kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa kwa wingi wakati wa dhiki. Mbwa waliokuwa katika siku tatu za mwanzo walikuwa na kotisoli nyingi kuliko waliokwisha kukaa kituoni siku nyingi. Kumpima mbwa wakati huo ni sawa na kumpa mwanafunzi mtihani siku aliyofiwa.

Kasoro ya pili huonekana katika hesabu. Mwaka 2013 Amy Marder na wenzake walifuatilia mbwa 97 waliopimwa kituoni kuhusu ukali wakati wa kula, kisha wakachukuliwa na watu. Mbwa 20 walionyesha ukali huo katika mtihani. Kati yao 11 waliuonyesha pia nyumbani, na 9 hawakuuonyesha. Mbwa 77 hawakuuonyesha katika mtihani. Kati yao 60 hawakuuonyesha nyumbani pia, lakini 17 waliuonyesha.

Tufanye hesabu pamoja. Mtihani ulipatia kwa mbwa 11 na 60, yaani 71 kati ya 97. Hiyo ni asilimia 73, na kwa kuitazama tu yaonekana nzuri. Lakini mbwa walioonyesha ukali nyumbani walikuwa 28, yaani 11 na 17. Ambao hawakuuonyesha walikuwa 69. Basi mtu asiyepima kitu, akatamka tu kwamba hakuna mbwa hata mmoja mkali wakati wa kula, angepatia mara 69 kati ya 97! Mtihani ulimzidi mtu huyo kwa mbwa wawili tu. Zaidi ya hayo, watu wengi waliokaa na mbwa hao hawakuiona tabia hiyo kuwa tatizo kubwa.

Gary Patronek na Janis Bradley walilieleza tatizo hili kwa upana mwaka 2016. Hoja yao ni kwamba tabia ya hatari ikiwa adimu, hata mtihani mzuri kiasi utawataja wengi wasiostahili. Tuchukue mfano wa kubuni. Katika mbwa 100, tuseme 10 ni wakali kweli. Mtihani huwatambua 8 kati ya hao 10, na huwakosea wapole 2 katika kila 10. Wapole ni 90, kwa hiyo wataokosewa ni 18. Jumla ya watakaotajwa kuwa wakali ni 26, na miongoni mwao wakali wa kweli ni 8 tu. Kama kutajwa maana yake ni kuuawa, mbwa 18 wapole watakufa, na wakali 2 watapewa watu. Hasara hizo mbili si za aina moja, nazo zote ni za kweli: upande mmoja kuna uhai wa mnyama, upande wa pili kuna uso wa mtoto. Ndiyo sababu neno la mwenye mbwa, likipatikana kwa njia njema, lina thamani kubwa. Ni dirisha la pekee linaloonyesha maisha ya mnyama nje ya kituo.

Lakabu inapomtangulia mbwa

Maneno ya kwenye fomu hayaishii kwa wahudumu. Hubandikwa kwenye kizimba, na mtu anayetafuta mbwa huyasoma kabla hajamtazama mnyama. Nguvu ya neno moja la namna hii ilipimwa na Lisa Gunter, Rebecca Barber na Clive Wynne katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016. Walishughulikia mbwa waitwao pit bull, wenye kichwa kipana na misuli mikubwa, ambao Marekani wana sifa ya ukatili. Katika kituo kimoja, mbwa walioandikwa jina hilo walisubiri zaidi ya mara tatu ya muda waliosubiri mbwa wenye sura kama yao ambao waliandikwa jina la mbegu nyingine. Watu walipoonyeshwa mbwa hao bila majina, hawakuwaona kuwa na mvuto mdogo. Majina yalipotajwa, mvuto ulipungua.

Kituo kimoja cha Florida kiliacha kuandika jina la mbegu kwenye vizimba. Baada ya hapo pit bull wengi zaidi walichukuliwa, na muda wao wa kusubiri ukapungua. Mwanafunzi makini atauliza kama mambo mengine nayo hayakubadilika katika kituo hicho wakati huo huo. Swali hilo ni halali, maana kulinganisha kabla na baada hakuna nguvu sawa na kulinganisha makundi mawili ya wakati mmoja. Hata hivyo matokeo hayo yanapatana na yale ya mwanzo.

Na je, jina lenyewe lilikuwa la kweli? Mwaka 2018 Gunter na wenzake walipima chembe za urithi za mbwa zaidi ya 900 katika vituo viwili. Walikuta alama za mbegu 125, na mbwa wa mbegu moja tupu hawakufika 5 katika kila 100. Wahudumu waliokisia kwa macho walipatia walau mbegu moja kwa takriban theluthi mbili ya mbwa. Waliopatia zaidi ya moja walikuwa karibu mbwa mmoja katika kila kumi. Basi mnyama aweza kukaa kizimbani miezi kwa ajili ya jina ambalo asili yake imelibeba kwa sehemu tu.

Lisemwalo lipo

Wahenga walisema pia: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwaka 1963 Robert Rosenthal na Kermit Fode waliwapa wanafunzi wa chuo panya wa kufundishwa njia. Baadhi ya wanafunzi waliambiwa kwamba panya wao wametokana na kizazi chenye akili, na wengine kwamba panya wao ni wazito. Kwa kweli panya wote walikuwa wa asili moja, nao waligawiwa kwa bahati nasibu. Hata hivyo panya "wenye akili" walifanya vizuri zaidi. Matarajio ya mwalimu yaliingia katika mikono yake, uvumilivu wake na macho yake. Mwaka 1968 Rosenthal na Lenore Jacobson walidai kuona jambo la namna hiyo katika shule ya watoto. Ukubwa wa matokeo hayo ya pili umebishaniwa sana na wataalamu tangu wakati huo.

Mhudumu aliyesoma "mkali" humwendea mbwa kwa hofu, akishika fimbo, akikaza kamba. Mbwa huiona hofu hiyo na kujihami. Kisha mhudumu huandika kwamba maneno ya fomu yamethibitika. Walimu wanaopokea wanafunzi wapya pamoja na ripoti za shule walizotoka wanaweza kulipima jambo hili wenyewe. "Mtundu na mvivu" haina habari yoyote ndani yake. "Alikosa masomo ya Jumatatu mara saba, na hesabu zake za sehemu ni dhaifu" inamwonyesha mwalimu pa kuanzia.

Zoezi la darasani

Mwalimu aweza kulifanya jambo hili kuwa somo. Achague mnyama anayejulikana na wanafunzi wengi, mathalani mbwa wa mlinzi wa shule au paka wa jikoni. Kundi la kwanza liandike tabia za mnyama huyo kwa maneno matano ya sifa. Kundi la pili liandike matukio matano waliyoyaona kwa macho, kila moja likiwa na mahali, wakati na kilichotokea kabla yake. Makundi yasisikilizane. Kisha karatasi zisomwe, na darasa lihesabu ni maneno mangapi ya kundi la kwanza yanayokubaliana yenyewe kwa yenyewe, na ni matukio mangapi ya kundi la pili ambayo mtu mwingine aweza kwenda kuyahakikisha.

Wanafunzi watagundua kwamba kueleza tukio kunahitaji muda na utulivu zaidi kuliko kutoa sifa. Watu wanaokabidhi mbwa mara nyingi hawana vyote viwili, wala hawajui kwamba vinatakiwa. Kwa hiyo kazi humwangukia anayeuliza: amwondolee shahidi hofu, aulize jambo moja moja, aandike lililotendeka kama lilivyotendeka, na hukumu aiache hadi ushahidi wote utakapokusanyika.